Mtoto Aliyeletwa

Kila Jumatatu asubuhi Mwalimu Nabwire alifungua chumba cha upimaji akiwa na chupa ya chai kwapani na sanduku la vitofali vya mbao mkononi. Chumba kilikuwa mwisho wa safu ya madarasa, katika shule ya msingi iliyopakana na nyumba za zamani za mtaa wa Mbotela, Nairobi, na dirisha lake lilielekea mawio ya jua. Njoki, mfagizi wa shule, alikuwa amekwisha kunyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie. Nabwire alipanga vitofali mezani, akaweka kadi za picha kando yake, akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, kisha akachungulia nje kuona ni kina mama gani waliokaa kwenye benchi.

Cheo chake kilikuwa mtaalamu wa saikolojia ya shule, lakini mitaani walimwita mwalimu wa kupima, na yeye aliitika kwa majina yote mawili. Kazi yake ilikuwa kuwatambua watoto ambao darasa la kawaida lingewaacha nyuma, na kusema kila mmoja anahitaji nini: miwani, kiti cha mbele, mtu wa kumrudia maneno polepole, au nafasi katika darasa dogo la Mwalimu Warigia. Darasa hilo lilikuwa upande wa pili wa uwanja. Lilikuwa na watoto wachache, na viti vilivyoundwa na fundi kwa kufuata maumbile yao.

Zamani Nabwire hakuwangoja watoto wamjie. Jumanne na Alhamisi alivaa viatu vya raba akatembea nyumba hadi nyumba, na alikuwa na njia yake ya kuwatafuta. Alisimama penye mfereji wa maji akasikiliza jinsi wanawake wanavyoitana. Katika mitaa ile mwanamke huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, na jina hilo hukaa naye hata mtoto akikua na kuhama. Mwanamke akiitwa kwa jina la mtoto wa pili, na hakuna msiba wa yule wa kwanza unaotajwa, Nabwire alijua kwamba katika chumba chake kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna kitanda, na kitandani kuna mtoto. Basi aliingia, akanywa chai, akazungumza habari za sukuma wiki na mvua, wala hakuuliza lolote. Siku ya pili au ya tatu pazia lenyewe lilitikisika, mama akatazama chini, na Nabwire akashuka kwenye mkeka na vitofali vyake.

Katikati ya miaka ya tisini sheria ilibadilika. Ilikuwa sheria yenye maneno mazuri, na Nabwire aliposoma ukurasa wake wa kwanza alifurahi. Ilisema kwamba kila mtoto ana haki ya kusoma katika shule iliyo karibu na kwao, na kwamba hakuna atakayefichwa. Kurasa za nyuma zilikuwa za watu kama yeye. Mpimaji hatakwenda nyumbani kwa mtu. Atakaa kituoni na kumpima mtoto aliyeletwa na mzazi. Atampima katika kikao kimoja. Mtoto akishapimwa hatarudiwa mpaka miaka miwili ipite, ili wengine wapate nafasi. Mpimaji ambaye majibu yake yatakutwa si ya kweli atarudishwa darasani kufundisha.

Bwana Mutisya, afisa aliyeletwa kuwafafanulia wapimaji sheria hiyo, aliwaambia mkutanoni kwamba siku za kuzunguka mitaani na kumaliza chai ya watu zimekwisha. Ukumbi mzima ulicheka. Nabwire naye alicheka, na jioni ile alivisafisha viatu vyake vya raba na kuviweka juu ya kabati.

Kule mitaani sheria ilifika kwa njia yake. Kina mama walisikia kwamba mtoto ataitwa kituoni, ataulizwa maswali, atahesabu na kupanga vitu mezani, na wakaelewa kama ambavyo mzazi yeyote wa Nairobi angeelewa: kwamba hiyo ni intavyuu, kama ile ya kuingia darasa la kwanza, na katika intavyuu mtu hupita au huanguka. Hakuna mzazi anayempeleka mtoto intavyuu ili aanguke. Wakafanya lililo la busara. Wakatafuta mtoto atakayepita.

Mama Andati alifika asubuhi yenye jua kali. Alikuwa mwanamke mrefu kutoka upande wa Maragoli, mwuzaji wa omena, dagaa wa ziwani, karibu na lango la mtaa, na mumewe alifanya vibarua katika viwanda vya ng'ambo ya Barabara ya Jogoo. Alimshika mkono mtoto aliyenyolewa upara siku hiyohiyo, mwenye kaptula ya kiume iliyofungwa kiunoni kwa kamba, na miguu inayong'aa kwa mafuta. Nabwire aliwakaribisha, akauliza majina.

"Mimi ni Mama Andati."

"Na huyu?"

"Huyu ni Luseno. Ana miaka minane."

"Andati ni nani?"

"Ni mdogo wake."

Nabwire alikoroga chai isiyohitaji kukorogwa. Alikuwa amekwisha kuelewa yote kabla mtoto hajakaa kitini. Zamani angesema kwamba leo ana kazi nyingi, kisha angengoja Alhamisi, avae viatu vyake. Alimgeukia mtoto akamuuliza anaitwa nani.

"Leo naitwa Luseno," mtoto akasema.

Mama Andati akakohoa. Mtoto huyo alikuwa Triza, binti wa jirani, na katika darasa lake hakuna aliyewahi kumpita. Ili kuyarekebisha mambo, na bila kuambiwa, aliinua mkono wake wa kulia, akaupitisha juu ya kichwa, akalishika sikio la kushoto. Hivyo ndivyo watoto wa mitaa ile walivyopimwa tangu siku za baba zao: mkono ukifika sikioni, mtoto amefikia umri wa kwenda shule.

Jua lilikuwa limeingia dirishani, na kivuli kilikuwa ukutani. Mkono wa Triza ulishika sikio. Mkono wa kivuli ulipanda, ukatetemeka, ukakomea shavuni. Kilikuwa kivuli cha mvulana. Kichwa chake kililala upande mmoja, vifundo vya mikono vilikunjwa ndani, na mguu mmoja ulikuwa mfupi kiasi kwamba haukufika sakafuni. Mama Andati alikitazama, akaivuta leso yake begani, akageukia dirisha. Nabwire alikitazama pia. Triza, ambaye alikuwa akitumwa chumvi kwa kina Luseno na kumchungulia nyuma ya pazia, alikisalimu.

"Niaje," akakiambia.

Kivuli kiliinua kidole.

Nabwire alianza kazi. Triza alipanga vitofali, akataja picha, akahesabu kwenda mbele na kurudi nyuma, akarudia sentensi ndefu bila kuacha neno, na akauliza kama kuna nyingine. Kikao kilipokuwa bado hakijaisha, Nabwire aliisogeza meza hadi dirishani, vivuli vya vitofali vikaangukia ukuta, karibu na mikono ya yule mvulana. Kivuli kilisukuma kivuli cha kwanza kwa mgongo wa kifundo, kikapumzika, kikasukuma cha pili. Kazi ambayo Triza aliimaliza kwa kufumba na kufumbua ilimchukua muda mrefu, lakini aliipanga sawasawa, kikubwa kwa kidogo, na kile cha mwisho akakisimamisha wima, jambo ambalo Triza hakulifanya.

Nabwire alikuwa amefanya kazi ile miaka mingi, na alijua alichokiona. Akili ya mtoto ilikuwa nzima. Mikono ndiyo iliyochelewa. Alihitaji kiti chenye mikono pande zote, na mtu wa kumshika kiwiko. Katika darasa la Mwalimu Warigia kiti hicho kilikuwapo, kimepigwa msasa, na hakikuwa na mwenyewe.

Hata hivyo sheria ilisema mtoto aliyeletwa, na aliyeletwa alikuwa amekaa mezani akilamba mafuta ya midomo. Nabwire aliandika majibu ya Triza chini ya jina la Luseno, akatia sahihi. Kila jibu lilikuwa sahihi, na kila moja lilikuwa limetolewa na mtoto mbele ya macho yake. Alijiambia hivyo, na mkono wake ukaitikia.

"Amepita?" Mama Andati akauliza.

"Amepita."

Mama Andati alimshika mkono kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo kwao. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo. Tangu siku hiyo yeyote angeweza kuambiwa kwamba kifungua mimba wake alipimwa na serikali na hakukutwa na ila. Alimtoa Triza nje, na kivuli cha Triza mwenyewe, kilichokuwa kimengoja mlangoni, kikamfuata.

Kile kingine kilibaki ukutani.

Njoki alikikuta alipokuja kufagia. Alikipitishia kitambaa chenye maji, kisha akakisugua kwa sabuni ya kipande, kwa staha, akianzia miguuni.

"Mwalimu, huyu mtoto wako hatoki," alisema. "Nijaribu sabuni ya unga?"

"Jaribu."

Sabuni ya unga nayo haikufaa. Likizo ya Agosti shule ilipakwa rangi, na kivuli kilisogea pembeni fundi alipofika, kikangoja rangi ikauke, kisha kikarudi mahali pake.

Kufikia wakati huo hakikuwa peke yake. Habari kwamba watoto wa Mbotela wanapita ilikuwa imefika hadi mtaa wa Lucky Summer, na benchi lilijaa kina mama waliotulia. Ruqiyo, mke wa mwuza vitambaa, alimleta mpwa wake mchangamfu kwa jina la binti yake Hibo, na kivuli kilichoingia naye kilikuwa cha msichana aliyeziba masikio kwa viganja. Mama mwingine alimleta mtoto aliyemwazima kanisani. Nabwire aliwapima wote kwa uangalifu. Alimpima aliyeletwa, na kila jua liliporuhusu alisogeza meza dirishani akampima na yule wa ukutani. Majibu ya meza aliyaandika. Majibu ya ukuta aliyabeba kichwani hadi nyumbani, na usingizi ulipochelewa aliyapitia moja moja: huyu anahitaji miwani, huyu asemeshwe kwa ishara za mikono, huyu asipigiwe kelele.

Vivuli vilizoea maisha ya shule. Kengele ya asubuhi ikilia vilijipanga mstari kutoka mlangoni hadi dirishani, na wakati wa mapumziko vilicheza. Kile cha Luseno kilipenda vitofali, na wenzake walimwachia.

Matokeo ya kituo yalikuwa mazuri kuliko ya kituo kingine chochote. Bwana Mutisya aliandika kumpongeza. Aliongeza kwamba kwa kuwa watoto wa mitaa hii ya Eastlands wamethibitika kuwa wazima, darasa dogo halina haja tena. Mwalimu Warigia alihamishiwa darasa la nne, lililokuwa na watoto wengi kiasi kwamba wengine walikaa madirishani. Siku ya kuondoka alikuja kumuaga Nabwire, akasimama akiutazama ukuta kwa muda.

"Hawa wote ni wangu," alisema, akatoka.

Viti vyake vidogo vilirundikwa stoo. Kile chenye mikono Njoki alikichukua akawekea ndoo.

Mama Andati alirudi peke yake baada ya shule kufunguliwa. Hakukaa. Alisema amekuja kuchukua kivuli cha mtoto.

Alieleza bila kuharakisha. Luseno hakuwa na mwenza nyuma ya pazia. Kila jioni koroboi ilipowashwa, kivuli chake kilitokea ukutani, na wakacheza wawili hao mpaka chakula kiive: huyu akiinua kidole, na yule akiinua. Tangu siku ya intavyuu koroboi huwashwa na ukuta hubaki mtupu. Mtoto hukitafuta kwa macho, kisha huuliza. Maneno yake ni machache, na sasa yote yamekuwa swali hilo moja.

"Mimi nilidhani kitarudi chenyewe," alisema.

Nabwire aliutazama ukuta. Kivuli cha Luseno kilikuwa kimeacha vitofali na kusikiliza. Angepaswa kumweleza mama huyo mambo yalivyo, kwamba jina la Luseno limekwisha kutumika na miaka miwili haijapita. Badala yake alisema lile ambalo lilikuwa jepesi kusema.

"Mlete mwenyewe, Mama. Akija mwenyewe tutaona."

"Nimlete mchana?"

"Kituo hufungwa saa kumi."

Mama Andati alifikiri juu ya jambo hilo siku kadhaa. Hakuna aliyejua ilivyokuwa ndani ya chumba kile, ila kwamba pazia lilifuliwa na kuanikwa nje, na waliopita mlangoni waliona kitanda. Kisha asubuhi moja alimfunga Luseno mgongoni kwa leso mbili, maana moja haikumtosha. Miguu ya mtoto ilining'inia hadi chini ya magoti ya mama, na kichwa chake kililala begani, macho yamefumbwa kwa ajili ya jua. Kutoka nyumbani hadi shuleni kulikuwa na njia ya mkato nyuma ya vyoo, lakini yeye alipita barabara ya mbele, penye mfereji, penye wauza nyanya na mafundi wa viatu. Jua liliwapiga wote wawili na chini kikaonekana kivuli kimoja, cha mwanamke aliyeinama bila kubeba kitu.

Penye mfereji wanawake waliacha maji yafurike ndooni. Mmoja wao, ambaye hakuwa na ubaya ila mdomo, aliuliza kama alivyozoea kuuliza.

"Mama Andati, huyo mgeni umemtoa wapi na amekuwa mzigo hivyo?"

"Si mgeni. Ni Luseno. Ndiye wangu wa kwanza."

Yule mwanamke aliutua mtungi wake. Alikuwa jirani yake kwa miaka mingi, na alihitaji muda mfupi wa kupanga upya maneno.

"Basi pita, Mama Luseno," alisema.

Mama Luseno akapita.

Siku hiyo Bwana Mutisya alikuwa kituoni. Alikuja kukagua kwa sababu wageni walitarajiwa, watu kutoka nje waliosaidia mambo ya elimu, na alikuwa amekaa kwenye kiti cha Nabwire akipekua majibu na kusifu mwandiko. Mama Luseno aliingia akiwa na jasho, akafungua leso, akamkalisha mtoto sakafuni, mgongo ukutani. Kivuli kilitelemka mara moja. Kiliwapita wenzake, kikafika chini, kikajipenyeza miguuni pa mtoto, mguu mfupi kwa mguu mfupi. Luseno alifumbua macho. Aliinua kidole, na ukutani kidole kikainuka. Alicheka kwa sauti moja, ya chini.

"Mwalimu, nimemleta," Mama Luseno alisema.

Bwana Mutisya aliuliza mtoto ni nani, akaambiwa ni Luseno. Alipekua, akapata jina, akasoma kwa sauti kwamba mtoto Luseno husimama kwa mguu mmoja bila kuyumba, huhesabu kurudi nyuma, na hupitisha mkono juu ya kichwa. Alimtazama aliyeketi sakafuni. Hakuwa mtu mkali. Alivua miwani akaifuta.

"Mwalimu Nabwire, wewe ndiye uliyempima. Mtoto huyu unamjua?"

Swali lilikuwa dogo, na jibu lake lilikuwa dogo pia. Nabwire alimjua mtoto huyo. Alijua kwamba hupenda kitofali cha mwisho kisimame wima. Alijua kiti chake kiko wapi na ndoo ipi iko juu yake. Alijua vilevile kwamba akisema ndiyo, majibu yote yaliyomo mezani yatafunguliwa upya, naye atarudishwa darasani, na majina ya kina mama wote wa benchi yatasomwa mbele ya watu. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba aliwafikiria kina mama hao. Lakini wakati ule, mbele ya miwani ya Bwana Mutisya, hakuwafikiria. Aliogopa tu, kama aogopavyo mtu yeyote mwenye kazi.

"Hapana," alisema. "Simjui."

Ukutani vivuli vyote viliacha kucheza.

Bwana Mutisya alisema kwamba hilo linarahisisha mambo. Luseno amekwisha kupimwa na nafasi yake katika darasa la kwanza inamngoja. Huyu mwingine, kama ana jina lake, aletwe kwa jina hilo. Mama Luseno hakubishana. Alimfunga mtoto mgongoni, leso ya kwanza na ya pili, akaelekea mlangoni, na kivuli kikafuata hadi kizingitini. Hapo kilikwama. Luseno alinyoosha mkono nyuma, nacho kikanyoosha wake, ukarefuka sakafuni mpaka ukawa mwembamba kama uzi.

Bwana Mutisya alieleza, kwa upole, kwamba kilichoandikishwa kituoni ni mali ya kituo.

Uzi ulikatika. Kivuli kilirudi ukutani, kikageuka upande.

Nabwire alimkuta Mama Luseno kwenye benchi la nje, akipumzika kabla ya safari ya kurudi. Alikaa mwisho wa benchi. Walizungumza bila kutazamana.

"Yule wa siku ile hakuwa yeye," Mama Luseno alisema.

"Najua."

"Ulijua siku ileile?"

"Siku ileile."

"Na ukaandika?"

"Nikaandika."

Mama Luseno alimfuta mtoto mate kwa ncha ya leso. Alifanya hivyo taratibu, mbele ya madarasa yote yaliyokuwa wazi, na watoto waliokaa madirishani walimwona.

"Mimi nilimficha kwa pazia," alisema. "Basi tuko wawili."

Aliondoka kwa njia ileile ya mbele. Mtoto alipelekwa darasa la kwanza Januari iliyofuata, kama sheria ilivyotaka, akawekwa kwenye dawati lisilo na mikono. Alianguka kutoka humo mara nyingi, mpaka mwalimu wa darasa, aliyekuwa na watoto wengi wa kuangalia, alipomwomba mama amweke nyumbani kwa muda. Muda huo haukutajwa urefu wake. Mama alimrudisha kitandani. Pazia hakulirudisha.

Pazia lilihitajika kwingine. Siku ileile ya ukaguzi Bwana Mutisya alikuwa amesimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, akahesabu kimoyomoyo. Alisema kazi ni nzuri, lakini wageni wa nje hawatafahamu. Aliagiza kitambaa kizito, chenye maua, cha kufunika ukuta wote. Nabwire alikinunua katika duka la mumewe Ruqiyo, ambaye alimuuliza ni cha chumba gani, naye akasema ni cha chumba chake. Njoki alipiga misumari. Kitambaa alikitundika Nabwire kwa mikono yake mwenyewe, akianzia upande wa mlango, na vivuli vilimtazama akikivuta. Kile cha Luseno kilikuwa cha mwisho kufunikwa. Kiliinua kidole, kwa kuwa ndivyo kilivyozoea watu wakiondoka.

Wageni walikuja, wakasifu maua.

Jioni yake, jua likiwa limezungukia upande wa mlango, Nabwire alikusanya vitofali, akachukua chupa yake ya chai, akatoka. Alipofunga mlango alihisi wepesi, kama mtu aliyesahau mfuko. Alichungulia dirishani. Kivuli chake kilikuwa kimebaki ndani. Kilikuwa kimelipenya pazia na kukaa chini katikati ya watoto, viatu vya raba miguuni, na mbele yake kulikuwa na vivuli vya vitofali. Kilikuwa kimemshika kiwiko mmoja wao.

Angeweza kufungua mlango akakiita. Alisimama na ufunguo mkononi, akakumbuka kwamba kazi ile imekatazwa, na kwamba yeye hakuambiwa na mtu aione. Aliutia ufunguo mkobani.

Langoni mwa mtaa Mama Luseno alikuwa akifungasha omena yake. Jua lilikuwa kwenye migongo ya wapita njia wote, na mbele ya kila mmoja kilitembea kivuli chake. Alimtazama mwalimu, akatazama ardhi iliyokuwa mbele ya miguu yake, kisha akaendelea kufunga gunia.

"Umekiacha kule?" aliuliza.

"Nimekiacha."

"Kiko na Luseno?"

"Kiko naye."

Mama Luseno aliitikia kwa kichwa. Hakumshukuru, wala hakumsuta. Alimpimia omena ya kikombe kimoja, akampa, akapokea pesa zake kama kwa mteja mwingine yeyote.

Jumatatu Nabwire alifungua chumba. Sakafu ilikuwa imenyunyizwa maji. Nyuma ya pazia palisikika mchakacho mdogo wa vitu vinavyosukumwa, na hakuligusa. Alipanga vitofali, akamimina chai, akamwita mama wa kwanza kwenye benchi. Mama huyo alisema jina la mtoto, ambalo halikuwa lile ambalo mama mwenyewe aliitwa nalo penye mfereji. Mtoto alikuwa mchangamfu. Alijibu yote.

Nabwire alichukua kalamu akaanza kuandika. Alikuwa amezoea mkono wake kuitia karatasi giza wakati huo wa asubuhi, kwa jinsi dirisha lilivyokaa, na kila mara ilimbidi ainamishe kichwa ili aone mstari. Leo hapakuwa na giza lolote. Karatasi ilikuwa nyeupe mpaka kwenye ncha ya kalamu, na sahihi ilitoka vizuri kuliko siku zote.